Mtoto Alitaka Kurekodi Mchezo Wake



Wengi wenu mlikuwepo ile Jumamosi niliposimama mbele ya kikundi na kusema kwamba orodha ya likelemba ya mwezi mzima imepotea. Mnakumbuka. Mama anayetunza sanduku aliinamisha kichwa, na mama mmoja wa Kadutu akauliza kwa sauti ya chini: "Sasa feza yetu?" Niliwajibu kwamba feza iko yote ndani ya sanduku, ni maandishi tu yaliyopotea, kila mmoja alete karne yake tuandike upya. Nikasema ordinatere yangu iliingia virusi. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Leo ninaandika iliyobaki. Ninaandika juu ya deni nililo nalo kwenu, na pia kwa sababu tangu siku ile mama watatu wamekuja kwangu, mmoja mmoja, na ulizo lile lile: "Mwalimu, mtoto wangu anatafuta programu ya kurekodi michezo ya ordinatere. Ni kitu gani hicho? Nimuache ao nimukataze?"

Mimi ni mwalimu wa hesabu, darasa la saba na la nane. Nina diploma ya ISP na miaka kumi na miwili mbele ya ubao. Lakini ulizo hilo lilipoingia nyumbani kwangu, sikulisikia hata kama ulizo. Nilisikia uharibifu tu.

Ordinatere yetu ni ya okazyo. Niliinunua dola 150 likelemba iliponifikia. Betri yake ilikufa zamani. Inafanya kazi tu ikiwa imechomekwa kwenye prizi, na mnajua umeme wetu wa Bukavu namna unavyokuja na kwenda bila kuaga. Ndani ya mashine hiyo ninaweka maulizo ya mitihani, pointi za wanafunzi, na orodha yetu ya likelemba. Jioni kazi ikiisha na umeme ukiwepo, kijana wangu wa kwanza, mwenye miaka 13, anacheza mupira humo. Mchezo wenyewe ni Pro Evolution Soccer 2013. Tuliukuta ndani siku tuliponunua mashine. Ni mchezo wa zamani, ulitoka mwaka wa 2012, ndiyo maana mashine yetu ya kizee inaweza kuubeba.

Mchezo huo una sehemu ya kubadilisha majina ya timu na ya wachezaji. Kijana wangu alitengeneza timu akaiita Muungano, ile papa yake anayoishangilia tangu utoto. Mshambuliaji akampa jina la papa yake. Mimi sikujua hilo. Nilipita nyuma yake mara nyingi nikiwa na sahani ya sombe mkononi, nikaona vijana wanakimbia kwenye majani, nikasema tu: "Zima hiyo, kuja ule."

Papa yake anaendesha lori huko Kolwezi. Kutoka hapa ni mbali sana, anarudi mara moja kwa mwaka. Anapiga simu kila Siku ya Mungu kisha ibada.

Sasa niwafasirie kidogo. Kurekodi mchezo ni kazi ya programu inayokamata kila picha inayopita kwenye kioo cha ordinatere, pamoja na sauti, na kuvifanya kuwa video. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mtoto asifilme kioo kwa simu tu? Wangu alijaribu. Mkono unatetemeka, taa ya nyumba inang'aa kwenye kioo, mupira hauonekani. Tena simu ni yangu na mimi natoka nayo.

Kwa hiyo akaenda kwa rafiki jirani, akapewa Fraps kwenye flashi. Fraps ni programu ya zamani sana, wenyewe waliacha kuiendeleza tangu mwaka wa 2013. Ile ya bure inarekodi sekunde 30 tu kisha inakata, na juu ya picha inabandika anwani yake. Fikirieni: kijana anatoka na mupira nyuma, anapita watu wawili, anafika mbele ya lango, na video inakatika. Alijaribu mara nyingi. Bao lilikuwa linaingia kila mara kwenye sekunde ya 31.

Ndipo akachukua franka 2000 za kunyoa nywele, akaenda kwa mtu anayeuza filme na programu kwenye flashi. Akamwambia anataka ya kurekodi isiyokata. Yule mtu akamuuzia programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, ile wanayoita "kamili."

Jioni nilipofungua mashine niandike pointi, mafolda yangu yote yalikuwa yamegeuka vipicha vidogo vyenye mshale. Nilibofya, hakuna kilichofunguka. Nikaingiza flashi ya kikundi nione kama orodha ya likelemba iko salama, na nayo ikageuka vile vile mbele ya macho yangu. Nilimwita kijana. Ulizo langu lilikuwa moja: "Umeharibu nini?" Hakujibu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Wadogo zake walikimbilia chumbani.

Na hii ndiyo ile kweli niliyoficha. Kwa hasira, usiku ule ule, niliichukua flashi na kuifuta yote, kuiformata kama wanavyosema, nikidhani ninaua virusi. Kesho yake nilipeleka mashine kwa fundi wa Nyawera. Alicheka kidogo, akanionyesha. Virusi vya aina ile havifuti kitu. Vinaficha mafolda ya kweli na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Aliandika mstari mmoja wa amri, na pointi zangu zote zikarudi kwenye kioo kama watoto waliokuwa wamejificha nyuma ya mlango. Nililipa dola 10. Kisha nikampa flashi. Aliniuliza: "Mama, hii nani aliiformata?" Orodha ya mwezi ule ilikuwa kwenye flashi peke yake. Fundi alijikaza kuitafuta, lakini haikupatikana.

Virusi havikupoteza orodha yenu. Niliipoteza mimi. Na nyumbani nilimuacha kijana aamini kwamba ni yeye. Karne zenu za karatasi ndizo zilizotuokoa. Ninaomba msamaha.

Nilifungia ordinatere ndani ya kabati majuma matatu. Siku ya Mungu ya tatu papa alipiga simu. Mazungumzo yao nayajua kama sala: "Ndiyo, papa. Salama, papa. Masomo iko sawa, papa." Kisha kimya, kisha simu inarudi kwangu. Lakini siku hiyo nikamsikia akiongeza polepole: "Papa, ile video haitawezekana tena."

Simu ilipokatika nikamuuliza ni video gani. Akaangalia chini muda mrefu. Akasema: "Mama, papa anaulizaka masomo tu. Minajibu, kisha tunanyamaza sisi wote wawili. Nilitaka aone kitu. Niko nacheza na jina lake."

Mama wenzangu, miaka kumi na miwili ninawaambia wanafunzi wasome ulizo lote kabla ya kuanza kuhesabu. Mimi nilikuwa nimehesabu bila kusoma. Niliuliza ameharibu nini. Sikuuliza alikuwa anatafuta nini.

Nilitoa ordinatere kwenye kabati. Nikamwambia tutaitafuta hiyo programu pamoja, na tutaichagua kama tunavyochagua kitambaa sokoni: tunashika, tunavuta, tunaangalia upande wa nyuma. Alileta daftari lake la hesabu. Yeye aliandika maulizo manne: Je, inakata? Je, inabandika jina lake juu ya picha? Mashine yetu itaiweza? Video itamfikia papa kwenye simu yake, ao itakuwa nzito? Mimi niliongeza la tano, nikaliweka juu kabisa: Inatoka kwa nani?

Kwanza tuliangalia kilichokuwa tayari ndani ya nyumba. Windows 10 inakuja na kitu kinachoitwa Game Bar. Haiongezwi, haipakuliwi. Mtu anabonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi G, inafunguka juu ya mchezo; akibonyeza Windows, Alt na R, inaanza kurekodi, na akibonyeza tena inasimama. Video inajiweka yenyewe ndani ya folda la video. Ni bure na ni ya waliotengeneza Windows wenyewe. Mwenye mashine ya miaka ya karibuni aanzie hapo, huenda asihitaji kitu kingine. Lakini yetu ilituambia kwamba haina nguvu zinazotakiwa, kwa maana Game Bar inategemea sehemu ya picha ya mashine iwe na uwezo wa kuandika video, na ya kwetu ni ya zamani. Ile ya NVIDIA, inayoitwa ShadowPlay, tuliipita bila kusimama, sababu inadai kadi ya picha ya NVIDIA na sisi hatuna.

Kisha Bandicam, ya Korea ya Kusini. Ni nyepesi na rahisi kueleweka. Ile ya bure inarekodi dakika 10 kwa mara moja na inaweka jina lake juu ya picha. Mimi nilisema dakika 10 zinatutosha sana, tunataka mbili. Kijana akasema: "Mama, ile jina itakaa juu ya jina ya papa." Sikuwa na la kujibu. Ningeweza kulipia ile isiyo na jina, lakini hiyo feza ni mafuta ya kupikia.

Ya mwisho ilikuwa OBS Studio. Mtu mmoja aliianzisha mwaka wa 2012, na sasa watu wengi wa nchi mbalimbali wanaijenga pamoja na kuiacha bure kwa kila mtu. Mapishi yake yako wazi, mtu yeyote anayejua anaweza kusoma namna ilivyotengenezwa. Haikati na haibandiki jina. Inaweza kufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwenye ulizo langu la tano ndiyo iliyopata pointi zote. Kuipakua kulikula zaidi ya mega mia moja, nikanunua hizo mega usiku, na tukaichukua kwa wenyewe, kwenye anwani yao, si kwenye flashi ya mtu.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Tuliifungua tukaona kioo cheusi tu. Kijana alidhani ameharibu tena, nikaona mabega yake yanapanda. Nikasema polepole: "Tusome." Kumbe OBS haijui ukitaka irekodi nini mpaka uiambie. Chini kuna sehemu mbili, ya mandhari na ya vyanzo. Kwenye vyanzo unabofya alama ya kujumlisha na kuchagua kunasa mchezo. Tulipofanya hivyo, majani ya uwanja yakatokea. Alipiga makofi mara moja, kisha akaniangalia kama naruhusu.

Mashine ililalamika. Mchezo ulikuwa unakwenda kwa kurukaruka, sababu ordinatere moja ya zamani ilikuwa inacheza na kurekodi kwa wakati mmoja, kama mama anayesonga bugali na kunyonyesha. Tulipunguza mzigo: ukubwa wa picha tukauteremsha hadi mistari 480, picha 30 kwa sekunde. Uzuri ulipungua kidogo, lakini mupira uliendelea kuonekana.

Kisha tukaingia kwenye uzito, na hapo nilikutana na mwanafunzi nisiyemjua. Kijana wangu anapata 9 kwa 20 katika hesabu, na mwalimu wake si mimi, msinicheke. Ndani ya OBS unachagua video itumie kilobiti ngapi kwa sekunde. Alichagua 1000. Akaandika mwenyewe kwenye daftari: biti nane ni baiti moja, kwa hiyo 1000 ukigawa kwa 8 ni kilobaiti 125 kwa sekunde, mara sekunde 60 ni kilobaiti 7500, yaani mega saba na nusu kwa dakika. Ukiongeza sauti, kama mega moja kwa dakika. Dakika mbili ni mega 17. "Papa ataweza," akasema. Angechagua 2500, dakika hizo hizo mbili zingekuwa karibu mega 40, na mega za papa wa lori zinahesabiwa moja moja. Hakuna mtu aliyemlazimisha kufanya mgawanyo ule.

Nawapa na jambo moja ambalo ni la sisi watu wa umeme wa kuazima. OBS inaweza kuhifadhi video kwa namna mbalimbali. Zinazojulikana ni MP4 na MKV. Tulichagua MP4 ya kawaida sababu kila simu inaisoma. Jioni ya kwanza, kijana akiwa katikati ya kurekodi, umeme ukaenda. Uliporudi, video ilikuwepo kwenye folda lakini haikufunguka. MP4 ya kawaida inafungwa mwishoni kabisa, kama mtungi unaofunikwa kisha kujaa. Umeme ukikatika kabla ya kifuniko, yote yamemwagika. MKV inajihifadhi kadiri inavyokwenda, hata umeme ukikatika unabaki na kile kilichokwisha kurekodiwa. Kisha unaiambia OBS yenyewe iigeuze kuwa MP4, na hilo linachukua sekunde chache tu. Tangu siku hiyo tunarekodi kwa MKV na kugeuza kisha. Umeme umekatika mara nne, na hatujapoteza kitu tena.

Siku ya tatu alirekodi nusu ya pili yote, akiongea ndani ya kipaza sauti cha mashine. Alikuwa anatangaza kama wale wa radio: mupira uko kwa fulani, anapita, anapita tena, sasa yuko papa, papa peke yake na golikipa! Nilikuwa jikoni. Sikujua kijana wangu ana maneno mengi vile.

Tulikaa kuisikiliza. Kwenye dakika ya pili, nyuma ya sauti yake, kuna sauti ya mwanamke. Anapigia kelele mtoto mdogo aliyemwaga maji. Anamwita mpumbavu, mara mbili. Sauti ni kali, inafika hadi mwisho wa nyumba. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni mimi.

Kipaza sauti hakichagui. Kinachukua vyote vilivyo ndani ya nyumba.

Kijana alisema haraka haraka: "Mama, tunaweza kuitoa. OBS inaweza kuweka sauti ya mchezo upande wake na ya kipaza upande wake. Papa hatasikia." Alikuwa ananitunza. Majuma matatu nilikuwa nimemuachia kosa langu alibebe, na sasa alikuwa anataka kuficha lingine kwa ajili yangu.

Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu flashi. Nilimwambia: programu uliyonunua ilileta virusi, na hiyo ni kosa lako, hupaswi kununua kitu kilichovunjwa kufuli. Lakini orodha ya mama niliifuta mimi, kwa hasira. Si wewe. Alinyamaza. Kisha akauliza: "Wamama wanajua?" Nikasema bado. Ndiyo maana mnasoma haya.

Video ile hatukuituma. Alirekodi nyingine Jumamosi, na wadogo zake wakakaa kimya nyuma yake kama kanisani, na mimi pia. Dakika mbili, mega 17. Papa yake aliipata Kolwezi usiku, alipofika mahali penye mtandao. Alirudisha ujumbe wa sauti. Kwanza anacheka tu. Kisha anauliza ni nani alimfundisha kutangaza hivyo. Kisha anasema yule mshambuliaji mwenye jina lake ni mzito, anachelewa kupiga, amubadilishe kisha nusu ya kwanza. Siku ya Mungu iliyofuata waliongea muda mrefu hadi uniti za papa zikaisha. Masomo hayakutajwa kabisa, na mimi mwalimu nilifurahi.

Basi, mama wenzangu mlioniuliza, jibu langu ni hili. Msikimbilie kukataza, na msikimbilie kuruhusu. Kaeni chini mumuulize mtoto: unataka kurekodi nini, na nani ataona? Jibu lake ndilo litakaloonyesha programu gani inafaa. Anayetaka kutumia mtu mmoja dakika mbili hahitaji kile anachohitaji mwenye kutaka kurekodi saa nzima.

Angalieni mchezo wenyewe kabla ya programu. Huu wa mupira, wanaopanga michezo kwa miaka huko Ulaya wameuandikia 3, hata mdogo anaweza. Lakini kuna mingine ya bunduki na wizi wa magari iliyoandikwa 18, na watoto wetu wanaicheza wakiwa na 10 sababu hatusomi namba iliyo kwenye karatasi.

Ulizeni programu inatoka kwa nani. Kama ya bure inatosha, ichukuliwe kwa wenyewe. Kama ni ya kulipia na mtu anaiuza franka 2000 sokoni, kuna mwingine atakayelipa tofauti, na huenda ni kikundi chenu.

Mtoto akirekodi, asikilizwe mara moja kabla ya kutuma. Uso, jina la masomo, nambari ya simu, ugomvi wa nyumbani, vyote vinaingia bila kualikwa. Na mtoto akisema anataka kuweka video YouTube ili apate feza, msimcheke, lakini ajue kwamba malipo yanapitia mtu mwenye miaka 18 ao mzazi wake, kwa hiyo mtakuwa pamoja katika jambo hilo mkitaka msitake.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Maandishi ya kikundi yasikae mahali pamoja. Sasa orodha yetu iko ndani ya ordinatere, iko kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa mama anayetunza sanduku, na iko kwenye karatasi. Kila mwisho wa mwezi kuna mtu anayeinakili na kuhesabu majumla mara mbili kabla sijatia sahihi. Mwezi uliopita alikuta nilikosea franka 500 kwenye mstari wa kumi na moja. Ana miaka 13, na mtamuona Jumamosi, atakuja nami kuwasalimu.